Kwa Fundi Ngoja, Aliyetuketisha Sote Kuelekea Maji

Baba,

Mwaka umetimia tangu ulipokula chakula cha mchana, ukasema unajinyoosha kidogo, ukajinyoosha moja kwa moja. Hukuaga. Kwa mtu aliyekuwa akituchelewesha mlangoni kwa maneno kila tulipotaka kutoka, kuondoka kimya namna ile kulitukera, na mpaka leo kunatukera.

Tulipoketi kuandika tangazo hili tulianza kama wanavyoanza wengine. Tukaandika kwamba ulikuwa mpole, mchapakazi, mtu wa ahadi. Mama alikuwa pembeni anatunga uzi kwenye sindano, anajifanya hasikii. Akainua kichwa. "Mtu wa ahadi nani?" akauliza. "Mnamwandika baba yenu, au mmepata mwingine?" Akatuamuru tufute. Akasema nusu ya wasomaji wa gazeti hili ni wateja wako, na wako ambao bado wanasubiri makabati. Basi tunaandika kweli tupu kwa amri ya mkeo, naye amesimama begani kwetu anasoma kila mstari.

Kweli ya kwanza ni kwamba ulikuwa seremala usiyejua kesho wala keshokutwa. Ulikuwa na jibu moja tu, "Ngoja kwanza," na mtaa ukalifanya jina lako. Mteja anakuja kuulizia meza yake, anamkuta Fundi Ngoja kakaa mlangoni pa karakana, maranda yamemjaa magotini, macho yako mtoni. "Ngoja kwanza," unamwambia, "nayaangalia maji." Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Matumbo yaliyoumia yalikuwa yetu, maana mteja akichoka anaondoka, na sufuria nyumbani inabaki imefunikwa bure.

Mama alikuuliza siku moja mbele yetu, "Hivi hayo maji yana nini? Jana hukuyaona?"

"Ya jana yameshapita, mama watoto," ukamjibu kwa upole ule uliotuchosha. "Haya ni mengine."

Na kwa kuwa maji hayakurudia, nawe ulikataa kurudia. Mtu akiagiza viti sita vya meza ya chakula anapata viti sita visivyojuana, watoto wa baba mmoja na mama sita. Kimoja mgongo umejikunja, kingine mikono inateremka na kupanda tena, cha tatu hakina hata mstari mmoja ulionyooka. Mteja akilalamika unamwonyesha mto, utadhani mto ndio uliopokea oda. Na alipokuwa bado anautazama mto, akitafuta la kusema, hasira zilikuwa zinamtoka bila yeye kujua. Tuliliona hilo mara nyingi na hatukulipenda, kwa sababu sisi hasira zetu zilikuwa hazitutoki.

Halafu miguu. Lazima tuseme habari za miguu.

Karakana yako ilikuwa kwenye mteremko wa ukingo, na sakafu yake ya udongo ilikuwa imelala kuelekea mtoni. Kila kiti ulikijaribu kwa namna ile ile: unakiweka pale, unakikalia ukitazama maji, kikikumwaga mbele unapunguza miguu ya nyuma mpaka utulie. Ukitulia, kazi imekwisha. Kwa hiyo kila kiti ulichounda maishani mwako kina miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Kinakaa sawa ukingoni kwetu tu, ambako nyumba zote zimelala na ardhi, tena anayekikalia awe ameelekea mto. Akikigeuza ayape maji kisogo, kinambwaga chali. Akikipeleka kwenye nyumba yenye sakafu ya haki, anakaa akitazama dari.

Mwalimu mkuu alikirudisha cha kwake kwa mkokoteni. "Fundi, kiti hiki kinanilaza," akasema. "Nashindwa hata kusahihisha madaftari." Wewe hukubisha. Ulikiteremsha, ukakiweka chini palepale karakanani, ukamwomba mwalimu aketi. Akaketi. Kiti kikatulia tuli, hakikucheza hata kidogo. Mwalimu akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto, wapi.

"Mwalimu," ukamwambia, "kiti kiko sawa. Nyumba yako ndiyo imepinda."

Akaondoka nacho. Tulisikia baadaye alimwita mwashi aje kupima sakafu. Mama alikaa siku nzima bila kusema nawe, na wewe hukujua amenuna, kwa sababu ulikuwa mtoni.

Hata kukuzika kulikuwa na mkasa. Turubai lilifungwa kwenye uwanja ulio tambarare, na majirani kwa heshima wakaleta viti vyako wao wenyewe, kila mtu na cha kwake. Waombolezaji wote wakaegemea nyuma, nyuso juu, wanatazama mbinguni. Aliyeongoza maombi akadhani watu wameguswa sana, akaongeza maombi. Mama alikuwa mstari wa mbele. Alijua kinachoendelea, na kicheko kikamshika, akajifunika leso usoni mabega yakimtikisika. Wanawake wakadhani analia, wakamkumbatia. Walipomkumbatia ndipo akalia kweli.

Tukirudi kwenye makosa yako, kubwa kuliko yote ni kwamba ulituharibia mtaa. Watu walikuwa na kazi zao na akili zao timamu. Cheche, mchomeleaji, alikuwa akitengeneza mageti ya nondo zilizosimama wima kama alivyofundishwa. Akaja kwako kuazima msumeno, ukampa kiti asubiri, na kiti kikamwelekeza alikoelekea kila aliyekikalia. Wiki ile ile akachomelea geti ambalo nondo zake zinaachana na kukutana tena, kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe. Mwenye geti akakasirika, kisha jirani yake akaja kuagiza la namna ile. Msusi akahamisha kigoda chake kutoka barabarani akaja ukingoni, na vichwa vya wanawake vikaanza kutoka na mistari inayozunguka na kupotelea sikioni. Bibi Mfinyanzi, aliyefinyanga chungu cha aina moja tangu ujana wake, akaanza kuvipa vyungu midomo iliyojikunja. Alipoulizwa sababu akasema, "Muulizeni Ngoja. Mimi niliketi tu."

Ikafika mahali mtu akija asubuhi kutafuta fundi yeyote hampati kazini. Wote wamejipanga ukingoni, hakuna anayesema na mwenzake, wanatazama maji. Mama alipita na ndoo yake akawaambia, "Nyinyi hamna makwenu?" Hakuna aliyegeuka. Ubaya ni kwamba kazi zilitoka nzuri. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Uvivu usiozaa kitu unaweza kuukemea mchana kweupe. Uvivu wenu ulikuwa unaleta wateja kutoka ng'ambo ya mji.

Wema ulikuwa nao, Mama anasema tusiufiche. Kila mtoto aliyezaliwa pale ukingoni alipata kigoda kutoka mikononi mwako, na hakuna mzazi uliyemwambia angoje. Wanao wenyewe ndio tuliosubiri vigoda vyetu mpaka ndevu zikaanza kumwota Kaka Mkubwa, lakini watoto wa watu walipata siku hiyo hiyo. Mzee asiyeweza kutembea ulimbeba ukamketisha jua la asubuhi, kisha ukamsahau pale hadi mchana kwa kuwa nawe ulikuwa umejisahau. Ulikuwa hivyo. Mtu anashindwa akushukuru au akugombeze.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Kila msimu wa mvua mto ulipanda ukaingia ndani bila hodi. Mama alipandisha godoro juu ya meza, unga juu ya kabati, na kitindamimba wako juu ya godoro. Wewe ulikuwa nje, maji kiunoni, unavua magogo yaliyoletwa na mkondo huku ukiimba. "Tazama, mama watoto," ulipaza sauti, "hili gogo limetoka mbali."

"Nami nipeleke mbali," alikujibu dirishani.

Alikuomba mhame. Alikuomba kwa upole, alikuomba kwa kununa, alikuomba kupitia kwa shangazi. Ukamwambia huwezi, kwamba ukiondoka pale mikono yako itabaki mikono tu. Alisema huo ni uongo wa mtu mvivu. Alisema yeye anadarizi mashuka yanayotafutwa sokoni na hajawahi kukaa ukingoni hata dakika moja. Maua yake yanatoka kichwani mwake, hayatoki kwenye maji machafu. Ugomvi huo mliuzeesha pamoja.

Mvua za kwanza baada yako zilikuwa mbaya. Maji yalifika magotini na kuondoka na kasha lake la nyuzi. Kaka Mkubwa akaja na lori. Mama hakubisha, alifunga mizigo upesi, akapanda mbele na dereva, hakugeuka nyuma. Alipoingia kwenye nyumba ya kule kilimani, sakafu ya vigae, bomba ndani, ukuta mkavu, alipapasa ukuta ule kwa kiganja. "Sasa nitaishi kama mtu," akasema.

Tulifurahi, Baba. Tusikudanganye. Kaka Mkubwa alikuwa amejenga chumba kile kwa ajili yake muda mrefu, na mkewe alishona pazia jipya. Kasoro ilikuwa viti vyako tu. Wageni waliokuja kula walikaa wameegemea nyuma, mbali na sahani, kama watu walioshiba kabla ya kuonja. Kaka Mkubwa akamwita seremala wa kule, akakata miguu ya mbele ya kiti kimoja. Kikasimama sawa. Mama akakikalia, akainuka. "Ndiyo," akasema, "sasa ni kiti." Akaomba vingine viachwe kwanza.

Muuza vitambaa wa sokoni, yule aliyeuza mashuka ya Mama tangu tukiwa wadogo, alikuwa amempa kazi ya bibi harusi. Mama akadarizi kwa raha zake, mwanga mzuri, miguu mikavu. Alimaliza kabla ya siku, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Muuza vitambaa akaja, akakunjua shuka juu ya meza, akaliangalia muda mrefu. Maua yalikuwa yamepangwa sawasawa, mashina yamenyooka, hakuna uzi uliokosea.

"Mama," akamuuliza taratibu, "unaumwa?"

"Sijambo kabisa."

"Basi haya amedarizi nani?"

Mama akamwambia amedarizi mwenyewe, kwa mikono hii. Muuza vitambaa akalikunja shuka vizuri, akasema ni safi sana, akasema atamtafutia mteja mwingine, bibi harusi huyu alitaka lile la zamani, lile ambalo uzi ukiufuata kwa kidole hujui utakupeleka wapi. Alisema kwa adabu. Adabu yake ilimuumiza Mama kuliko tusi.

Akalifumua lote. Akaanza upya, likatoka vilevile. Akafumua tena. Mkwe wako akamkuta ameshika sindano, kitambaa kiko magotini, hajachoma hata mshono mmoja, na asubuhi yote imeisha. Alikula kidogo, akasema kidogo. Kazi ile ilikuwa ndiyo heshima yake, Baba. Aliifanya kabla hajakujua, na uliposhindwa kumaliza makabati ya watu ndiyo iliyotulisha. Tulimwona akiangalia vidole vyake kama vimemsaliti, na tuliogopa.

Siku moja akasema anateremka kukagua kama milango ya nyumba ya ukingoni haijaibwa. Milango ipo. Akaingia jikoni, akaona vumbi, akaosha vyombo viwili vilivyosahauliwa, mbele ya lile dirisha dogo. Alikaa dirishani muda ambao vyombo viwili haviuhitaji. Cheche alimwona kutoka nje, akaja kumwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Cheche, hebu nikuulize. Mnapokaa pale, huwa mnaangalia nini hasa?"

Cheche akajikuna kichwa. "Hata sijui, Mama. Fundi alisema niangalie, nikazoea. Ila nikikosa kuja wiki moja, mageti yangu yanatoka kama ya gereza."

Mama akarudisha macho mtoni. Kisha akaanza kumweleza, bila kuulizwa, kwamba leo maji yamegeuka rangi, huko juu kumenyesha. Kwamba povu likikusanyika kwenye lile jiwe la tatu na kuzunguka mara mbili kabla ya kuondoka, jioni mto utapanda. Kwamba mkondo wa kati ukikaza, ule wa pembeni hurudi nyuma, ukajikunja, ukajiunga tena. Alieleza kwa kidole hewani. Cheche akakitazama kidole kile kikienda. Akamwambia kwa upole kwamba kidole hicho kimemaliza kuchora ua la mashuka yake.

Mama akakiangalia kidole chake.

Miaka yote hiyo, Baba, alipokuwa akikusema wewe kwa kukodolea maji macho, yeye aliyakodolea zaidi. Aliyatazama asubuhi akiosha vyombo, mchana akipika, jioni akifunga dirisha. Wewe uliyatazama kwa kuyapenda. Yeye aliyatazama kama mtu anavyomtazama mwizi anayezungukazunguka uani. "Mimi nilikuwa nalinda godoro," akamwambia Cheche, karibu kwa kilio.

"Na mimi nilikuwa namkimbia mke wangu," Cheche akajibu. "Basi tuseme maji hayakuuliza sababu."

Mama alipotangaza kwamba anarudi kuishi ukingoni, vita na Kaka Mkubwa havikuwa vidogo, na mwanao hakuwa mjinga. "Mama, mvua ijayo nitakutafuta wapi?" alimuuliza. "Watu watasema nimekutupa. Mimi mwenyewe nitasema nimekutupa." Mama akamwambia hatupwi na mtu, anakwenda kazini. Akaongeza kwamba maji ameshayavulia nguo tangu siku aliyoolewa, hana budi kuyaoga. Kaka Mkubwa akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi macho mekundu. Walikubaliana hivi: mvua ikikaza, Mama anapanda kilimani bila ubishi, na siku nyingine zote ni zake. Mafundi wa ukingoni wakaja bila kuitwa. Cheche akachomelea jukwaa la chuma linalofika kifuani, kitanda juu yake, kabati juu yake, nyuzi juu kabisa. Miguu ya jukwaa lile hakuna hata mmoja ulionyooka, lakini tumelitikisa wanne kwa pamoja, halikusogea. Bibi Mfinyanzi alisimama pembeni akikosoa.

Shuka la bibi harusi lilichelewa. Muuza vitambaa alipoliona alipitisha kidole kwenye uzi, akaufuata, akapotea njia, akacheka peke yake sokoni. Mama hakucheka. Alirudi nyumbani amekasirika, akaweka birika motoni kwa kishindo, akasema jambo ambalo hatukulielewa mpaka aliporudia.

Alisema kwamba amejaribu kukwambia kaburini, akajiona anazungumza na udongo. Amejaribu kukwambia pale mtoni, maji yakapita kabla hajamaliza sentensi. Akakumbuka kwamba katika gazeti zima ulikuwa ukisoma ukurasa huu mmoja tu, wa kumbukumbu, na kwamba uliwasoma hata usiowajua. Ndiyo sababu ya tangazo hili. Haya yote ya viti na mwalimu mkuu tumeyaongeza sisi. Yeye alitaka uwekwe mstari mmoja, tena kwa herufi ndogo, na tunauweka kama alivyousema:

Mume wangu, ulisema kweli kuhusu maji.

Katika ndoa yenu nzima hakuwahi kukwambia ulisema kweli kuhusu chochote, hata saa. Tulidhani akishasema atatulia. Hajatulia. Kushindwa, anasema, si kitu, watu hushindwa. Kinachomkera mpaka usingizi unamruka ni kwamba amekubali, na wewe hupo wa kuringa.

Unakumbukwa na mkeo, aliyeko jikoni dirishani. Na Kaka Mkubwa na mkewe. Na sisi binti zako wawili tulioandika haya. Na kitindamimba wako, ambaye ndevu zimemwota naye. Na wajukuu wote, waliozaliwa baada ya mbao zako kwisha na waliowahi vigoda. Cheche, msusi na Bibi Mfinyanzi si ndugu wa damu, lakini wamekataa kuachwa nje ya orodha.

Utabaki mawazoni mwetu siku zote, Baba, hata zile siku tunazotamani utupumzishe.